MAONI YETU: JIKO LISILALE NDANI



Mara nyingi ukurasa huu wa kwanza huwa wa mishahara, ovataimu na kodi ya nyumba. Safari hii twaandika juu ya jiko la makaa, na twaomba mtu asigeuze ukurasa akidhani kwamba hayo ni mambo ya akina mama. Mtoto wa mwenzetu amekufa.

Mwenzetu huyu ni mtu wa genge, tena wa zamu ya usiku. Mwenyewe ametupa ruhusa tueleze yaliyompata, ila jina lake tusiliandike. Anakaa na mkewe na watoto wawili katika chumba kimoja upande wa Athi River, na kila aliyewahi kulala nyanda zile mwezi wa Julai ajua upepo wake ulivyo. Jioni ile mkewe alipika muthokoi, chakula kisichoiva upesi, na kilipoiva jiko lilikuwa bado lina moto mwingi. Mama yule hakuwa mjinga. Alipika nje, akangoja moshi uishe, makaa yakawa mekundu kabisa yenye jivu jeupe juu yake, ndipo akaliingiza jiko ndani ili watoto wapate joto. Kisha akafunga dirisha, akakunja gunia akaliweka chini ya mlango kuzuia upepo.

Asubuhi mumewe aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe anatapika, kichwa kinamwuma kama kinachopigwa nyundo, na mtoto mkubwa amelegea. Walipotoka nje kwenda zahanati mama alipata nafuu njiani, hata akasema pengine hakuna haja ya kwenda. Walikwenda. Wakaambiwa ni malaria, wakapewa vidonge, wakarudi nyumbani. Majirani nao walikuwa na dawa zao: mmoja alisema ni chakula kibaya, mwingine alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amewatupia jambo. Hakuna aliyeuliza juu ya jiko. Usiku wa pili baridi ilizidi, na kwa kuwa watoto walionekana wana homa, jiko likaongezwa makaa. Jirani aliyekuwa akienda kazini alfajiri aligonga, akasikia mtoto mdogo akilia kwa sauti nyembamba na mtu mzima hajibu, akavunja mlango. Mama alipona, na mtoto mdogo alipona. Yule mkubwa, wa miaka minne, hakuamka.

Sisi wa reli tumezoea hatari inayoonekana na kusikika. Treni inanguruma, mataruma yanatikisika, gadi anapuliza filimbi, na mtu anapata nafasi ya kuruka kando. Hatari hii haina rangi, haina harufu, wala haikerezi koo. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Hutoka mahali popote panapochomwa kitu bila hewa ya kutosha, iwe makaa, kuni, mafuta ya taa, petroli ya jenereta au gesi ya kupikia iliyo katika jiko bovu. Lakini makaa ni hodari sana katika kazi hiyo, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Tumelelewa tukiamini kwamba moshi ndio ubaya, na kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo yanaendelea kutoa gesi hii mpaka yazimike.

Nayo hufanya kazi yake hivi. Katika chembe nyekundu za damu kuna kitu kinachochukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini, kama behewa linavyopakiwa mzigo stesheni. Kaboni monoksaidi huingia katika behewa hilo hilo, na hung'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi mabehewa yanapita, yamejaa, lakini mzigo si ule unaotakiwa. Ubongo na moyo hukosa oksijeni huku mtu anapumua vizuri kabisa. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, magoti kukosa nguvu. Aliye macho aweza kutoka nje ikiwa bado ana fahamu. Aliyelala hupita kutoka usingizini mpaka mautini bila kujua kwamba kuna njia panda. Watoto, wazee, wagonjwa wa moyo na mama mwenye mimba huumia upesi zaidi.

Tulipokuwa darasani katika shule ya misheni mwalimu alifunika mshumaa kwa glasi, ukazimika, akatuambia kwamba moto unahitaji hewa. Tuliandika katika daftari tukapata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba kabla ya moto wa makaa kuzimika katika chumba kilichofungwa, mwenye chumba aweza kutangulia.

Na asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vyumba vya maskini peke yake. Wenzetu wa reli huko Italia wana kumbukumbu yao. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 1944, karibu na stesheni ya Balvano, treni nambari 8017 iliyovutwa na injini mbili za mvuke ilishindwa kupanda mlima ikiwa ndani ya handaki. Magurudumu yaliteleza, treni ikasimama, na injini ziliendelea kuchoma makaa ya mawe ya hali duni. Hapakuwa na mgongano wala behewa kuanguka. Watu wapatao 500 walikufa kwa gesi hii, na miongoni mwao wafanyi kazi wa injini. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye gunia chini ya mlango ni handaki dogo, na jiko ni injini yake.

Sasa, je, pua ikishindwa na jicho likishindwa, mtu afanyeje? Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na ndege mdogo aitwaye kanari, kwa sababu ndege huyo huzidiwa na gesi mapema kuliko mtu. Walimtumia mpaka mwaka 1986, ndipo mashine zikachukua mahali pake. Siku hizi mashine hiyo imekuwa chombo kidogo cha kutosha kushikwa kwa mkono mmoja, kinatumia betri, na kinapoona gesi imezidi hulia kwa sauti kali ya kuamsha mtu. Sisi twaiita kengele ya gesi ya makaa. Iko na ndugu yake, kengele ya moshi, ambayo hulia moto unapoanza nyumbani.

Wanachama wawili wametuambia kwamba wameshanunua kengele na kwa hiyo hawana wasiwasi. Tulipokwenda kuziona, zote mbili zilikuwa kengele za moshi. Jamani, hivi ni vitu viwili mbalimbali. Kengele ya moshi hutazama moshi, na makaa mekundu hayana moshi, kwa hiyo itanyamaza kimya huku nyumba nzima inakufa. Kengele ya gesi ya makaa nayo haikuwekwa ili kugundua godoro linaloungua. Na wala hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayonusa gesi ya mtungi inayovuja. Hiyo ina chombo chake cha tatu, na ina harufu iliyotiwa makusudi ili pua iweze kuitambua. Anayenunua atazame maandishi ya boksi. Zilizotengenezwa kwa vipimo vya Ulaya, ile ya gesi ya makaa huandikwa EN 50291, na ile ya moshi EN 14604. Kwa kipimo hicho cha kwanza, hewa ikiwa na sehemu 50 za gesi katika sehemu milioni, kengele hulia baada ya saa moja hadi saa moja na nusu; zikiwa sehemu 300, ni lazima ilie kabla ya dakika 3 kupita. Basi mtu asiilaumu kwa kutolia papo hapo jiko linapopita mlangoni. Inahesabu kiasi na muda pamoja, kama damu ya mtu inavyohesabu.

Pia tazameni tarehe. Kilicho ndani ya kengele hizi huchakaa hata kama hakikufanya kazi. Nyingi za gesi ya makaa zina maisha ya miaka 5 mpaka 10, na mwisho wake umepigwa chapa nyuma. Ile ya moshi hubadilishwa baada ya miaka 10. Kununua ya mitumba sokoni ambayo tarehe yake imepita ni kununua kipande cha plastiki.

Juu ya mahali pa kuifunga, karatasi inayokuja ndani ya boksi ndiyo ifuatwe, lakini karatasi hizo zimeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye dari, na vyumba vyetu vingi ni mabati na mbao tu. Chini ya bati jua la mchana ni kali mno kwa chombo hiki. Kengele ya gesi ya makaa yafaa ukutani katika chumba cha kulala, karibu na kimo cha kichwa cha watu wanaolala, mbali kidogo na jiko lenyewe, wala si nyuma ya pazia au kando ya dirisha. Gesi hii huchanganyika na hewa yote ya chumba, haiendi juu peke yake. Moshi ndio hupanda, kwa hiyo kengele ya moshi huwekwa juu, na pasipo dari hufungwa ukutani sehemu ya juu, lakini si juu ya mahali pa kupikia, maana itapiga kelele kila chapati inapoungua na mwishowe mtu ataitoa betri. Tunajua mtaitoa. Betri ya kengele haina tofauti na betri ya tochi, na umeme ukipotea usiku ile ya kengele ndiyo iliyo karibu. Aliyefanya hivyo na airudishe kesho yake. Kuna kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi, siku ya mshahara, ili isisahaulike.

Kengele nayo humwamsha mtu tu, haimfungulii mlango. Watu wa Machakos hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, petroli ilimwagwa katika bweni likawashwa, na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Sasa tazama nyumba yako mwenyewe. Dirisha lina vyuma kwa sababu ya wezi, mlango wa chuma una kufuli kwa ndani, na ufunguo uko mfukoni mwa suruali iliyotundikwa gizani. Wezi wapo, hatusemi watu walale mlango wazi. Lakini ufunguo uwe na msumari wake karibu na mlango, na kila mwenye kulala humo, hata mtoto, aujue kwa kupapasa.

Ni lazima tuseme jambo moja waziwazi. Kengele si ya kumruhusu mtu alale na jiko. Jiko lipikie nje au mahali penye hewa inayopita, na libaki huko mpaka jivu lipoe. Jiko la kauri lililoanza kuenea nchini katika miaka ya 1980 linapunguza makaa, na tunalisifu kwa hilo, lakini makaa yaliyo ndani yake ni makaa yale yale. Sufuria ya maji iliyowekwa kando ya jiko, ambayo wengine wanaitegemea, haimezi gesi hii. Matundu ya hewa juu ya dirisha yasizibwe kwa magazeti. Na kwa wale wachache wanaopasua mataruma ya zamani yaliyolowa kreosoti wakayafanya kuni: mnakula sumu nyingine juu ya sumu, na tunaomba mwache.

Atakayemkuta mwenzake amezidiwa afungue mlango na dirisha, amvute nje upesi, wala asikae ndani kuuliza maswali, kwa maana naye ataanguka. Maziwa hayasaidii kitu; aliyepoteza fahamu akinyweshwa maziwa aweza kupaliwa akafa kwa maziwa. Kinachotakiwa ni oksijeni ya hospitali. Katika hewa ya kawaida gesi iliyo katika damu hupungua kwa nusu baada ya saa 4 au 5 hivi, lakini kwa oksijeni safi ni kama saa moja au saa moja na nusu. Pigeni simu 999 au 112, au tafuteni gari. Na mkifika, neno la kwanza kwa daktari au nesi liwe hili: "Kulikuwa na jiko ndani." Kichwa kuuma, kutapika na kuchoka ni dalili za malaria pia, na mtoaji dawa hakuwapo chumbani kwenu usiku. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na wote hupata nafuu wakitoka nje, hilo si jambo la kutupiwa na mtu.

Sasa tuje kwa fedha. Kuna mwanachama mmoja, mtu tunayemheshimu, aliyetuambia kwamba chama kisipoteze nguvu kuomba kengele wakati watu wanataka nyongeza ya mshahara. Twamjibu kwa heshima kwamba hayo si mambo mawili. Hakuna mtu anayeingiza jiko chumbani kwa kupenda harufu ya makaa. Anaingiza kwa sababu blanketi ni moja na watoto ni watatu, mlango umepinda na upepo unapita, na jiko lina moto alioulipia tayari. Baridi ya Julai ni sehemu ya mshahara wetu mdogo. Tukiwaambia akina mama "msiingize jiko" bila kusema juu ya mlango na blanketi, tunawapa amri tu, na amri hulala usingizi mtoto anapotetemeka.

Tena, kwa nini mpangaji ndiye anunue? Huko Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupangisha amelazimishwa na sheria kuweka kengele ya moshi katika kila ghorofa, na kengele ya gesi katika chumba chenye jiko la kuchoma makaa au kuni. Mwaka 2022 sheria hiyo ikapanuliwa, ikawabana pia wenye nyumba za umma. Mpangaji hakuambiwa achange. Kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inalinda mahali pa kazi, na mwajiri ajua kwamba karakana yapasa kuwa na vifaa vya moto. Lakini mfanyi kazi akitoka karakana akaingia chumbani kulala, ni kama amevuka mpaka wa nchi. Hata hivyo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri atampa mfanyi kazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yataja haki ya kila mtu kuwa na makao ya kutosha. Sisi hatukusoma sheria, lakini twajua kusoma neno "kufaa". Chumba ambacho mtu hawezi kupata joto ndani yake bila kuhatarisha roho za watoto hakifai.

Kwa hiyo tawi letu linapeleka mambo haya mbele ya mkutano ili yaingie katika madai ya mapatano yajayo. Katika kila nyumba ya mwajiri iwekwe kengele ya gesi ya makaa na kengele ya moshi kwa gharama ya mwajiri, na zibadilishwe tarehe zake zikiisha. Milango na matundu ya hewa yatengenezwe kabla ya mwezi wa Juni, si baada ya watu kuzikwa. Pawe na mahali pa kupikia penye paa na hewa, ili mvua isiwe sababu ya kuvuta jiko ndani. Na wale wanaopanga kwa watu binafsi, ambao ndio wengi wetu, chama kinunue kengele kwa jumla na kuwakata kidogo kidogo, huku tukiwaandikia wenye ploti barua yenye muhuri wa tawi. Wengine watacheka. Na wacheke, lakini barua watakuwa wameipokea.

Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, mahali petu pa kawaida. Akina mama waje. Safari hii wao ndio wenye habari. Kila mtu apime chumba chake kwa hatua za mguu, aandike kina madirisha mangapi, matundu ya hewa mangapi, na watu wangapi wanalala humo. Karatasi ya majina ya wanaotaka kengele iko kwa katibu. Mwenzetu wa genge amesharudi kazini, na jina lake ndilo la kwanza katika karatasi hiyo. Asiyeweza kuandika katibu atamwandikia.